Shosh Anakunywa Zote Mbili, Nyinyi Mnabishana

Wenye mnauza unga wa kumaliza sukari, wacheni kunitumia meseji. Mwezi huu pekee zimefika tano, na zote ni kama zimezaliwa na mama mmoja: niaje bro, tunapenda kazi yako, tuko na dawa ya asili inamaliza sukari kabisa kwa siku 21, tutakutupia kitu kidogo kwa kila chupa itauzwa. Mmoja nilimjibu. Nikamuuliza ndani ya huo unga kuna nini. Akasema miti 17, mingine ni siri. Nikamuuliza kama mtu mwenye anameza metfomini ya hospitali anaweza kuunywa. Akasema hakuna shida, lakini akishaanza apunguze vidonge polepole, "juu hizo kemikali ndizo zinaua figo."

Huyo jamaa hajawahi kumwona huyo mgonjwa. Hajui ana miaka mingapi, figo zake ziko aje, anameza vidonge gani vingine. Lakini tayari ashampangia dozi. Na alitaka mimi ndiye niwapelekee hiyo habari, nikitumia hii sura yenye mnaiamini kwa mambo ya wapi utapata chapo madondo poa ukiwa na mia moja.

Kwa hivyo leo hakuna video ya chakula. Leo ni kuandika, na najua nusu yenu mtanuna.

Mimi si daktari. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe ilikuwa ya biashara, kwa hivyo hata ningemaliza bado singekuwa daktari. Na mimi si wa kucheka dawa za miti. Nimekulia hapa. Nikikohoa nikiwa mtoto nilipewa gome la muthiga nitafune, ile yenye Wamaasai wanaita osokonoi, inakuwasha mdomo hadi machozi yanatoka na kikohozi kinaona aibu. Thabai nimekula kwa mukimo na nimekunywa supu yake. Mwarobaini nimeonjeshwa kwa nguvu, nikiwa nimeshikwa mikono na watu wawili. Sina ugomvi na mti.

Ugomvi wangu ni na huu ubishi wenu. Kila mara mtu akitaja sukari kwenye simu, watu wanajigawa timu mbili kama ni derby ya Gor na Ingwe. Timu Miti inasema vidonge ni sumu ya Wazungu, watu wa zamani waliishi miaka mia bila metfomini. Timu Vidonge inasema miti ni ushamba, wanaokunywa ni wajinga, wakufe tu. Mnatukanana hadi usiku wa manane. Na timu zote mbili mnafikiri mgonjwa amechagua upande.

Mgonjwa hajachagua. Shosh yangu ana miaka 71, anaishi Bahati, na asubuhi anameza vidonge vyake na chai ya maziwa isiyo na sukari. Saa nne anachukua glasi, anaingia chumbani, anainua shuka, anavuta jerikeni ya lita tano kutoka chini ya kitanda na kujimwagia kitu cheusi chenye harufu ya mti ulionyeshewa. Ameishi hivyo miaka. Hapingi hospitali na hapingi miti. Anakunywa zote mbili, na kwa akili yake hiyo ni busara: moja ikilala, nyingine itakuwa macho.

Na si yeye peke yake. Zunguka hii Nakuru kidogo. Ukishukia stage unapokelewa na spika: dawa ya sukari, presha, maungio, nguvu za kiume, mia tatu tu. Ukienda sokoni kuna mama ametandika mizizi kwa gunia. Ukipanda ghorofani kwenye majengo ya katikati ya mji kuna kliniki zenye kapeti na tangi la samaki, mtu amevaa koti jeupe, anakushikisha kipande cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, baada ya dakika mbili inatema karatasi nne ati ini lako limechoka na sukari yako inanyemelea. Bila kutoboa hata kidole. Washa redio ya lugha yoyote asubuhi, Kikuyu au Kalenjin, utakutana na huyo huyo. Hao wote wana wateja, na wengi wa hao wateja wana kitabu cha kliniki kwa mkoba.

Sasa nieleze mahali hatari iko, juu si mahali mnafikiria.

Kuna vidonge vya sukari vya aina nyingi, lakini viwili ndivyo utakuta kwa nyumba nyingi za wazee. Metfomini, kwa lugha rahisi, inaambia ini lipunguze kumwaga sukari kwenye damu. Ni ya pole, ikiwa peke yake si rahisi ikuangushe sukari hadi uzimie. Ya pili ni glibenklamidi. Hiyo inasukuma kongosho litoe insulini, na inasukuma tu, uwe umekula au hujakula. Ndio maana unaambiwa uimeze na chakula. Mtu akiimeza na akose kula, sukari inashuka chini ya mstari. Na wale wanaodungwa insulini ni hivyo hivyo.

Alafu kuna miti yenye kweli inashusha sukari. Timu Vidonge hapa ndipo mnaharibu, mkisema "hizo ni maji tu." Ingekuwa maji tu hatungekuwa na shida. Karela, ile mboga chungu inayopendwa na Wahindi, inashusha. Uwatu unashusha. Mwarobaini na mdalasini watafiti wameviangalia sana kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka wa 1979 jarida la madaktari la Uingereza, Lancet, lilichapisha kisa cha mama mmoja aliyekuwa anameza kidonge cha sukari cha ukoo mmoja na hiyo glibenklamidi. Vipimo vyake vilikuwa vinacheza, na sababu ikapatikana kwa sufuria: alikuwa anakula mchuzi wa karela. Tangu 1979, wasee. Hii si habari mpya.

Kwa hivyo weka kidonge kinachosukuma, ongeza mti unaosukuma, alafu uondoe chakula. Hiyo ndiyo hesabu.

Nimeiona hiyo hesabu kwa macho yangu. Mwaka jana kanisani kwa kina shosh kulikuwa na Jumapili ya kufunga na kuomba. Shosh alimeza vidonge asubuhi, juu daktari alisema asiruke hata siku moja. Akanywa glasi yake ya jerikeni, juu aliyemuuzia pia alisema asiruke. Chakula hakula, juu ni mfungo. Katikati ya sifa akaanza kutetemeka. Jasho likamtiririka na ilikuwa asubuhi ya baridi. Akaanza kuongea vitu havina kichwa wala mguu. Mama mmoja pembeni akapaza sauti ati Roho amemshukia, mwingine akaanza kukemea pepo. Yaani watu walikuwa wanapigania ni upande gani umemjia. Kilichomwokoa ni msichana wa kwaya anayesomea uuguzi. Alimshika mkono, akaona vile umeloa, akaitisha soda. Si ya dayati, soda yenyewe. Shosh alikuwa bado anaweza kumeza, akanywa polepole, na baada ya muda akauliza mbona watu wote wanamwangalia.

Niseme hili haraka kabla sijasahau: mtu akiwa amezimia kabisa usimmwagie soda mdomoni, atapaliwa. Mlaze kwa ubavu na mkimbie hospitali. Na mtu wa sukari akianza kutetemeka, kutoa jasho na kuongea kama mlevi, usimwambie aache maringo. Mpe kitu cha sukari sasa hivi, alafu chakula, alafu maswali.

Tulimpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Daktari kijana akamuuliza, "Cucu, kuna dawa ingine unakunywa mbali na hizi?" Shosh, mzee wa kanisa, mwenye ametufundisha sisi wote Amri Kumi, akasema hapana.

Mimi nikasema, "Shosh, na ile ya jerikeni?"

Aliniangalia vile Yesu alimwangalia Petero jogoo alipowika. Wiki nzima hakuniongelesha.

Mbona alidanganya? Si ujinga. Miaka miwili kabla, kwenye kliniki nyingine, aliulizwa swali hilo hilo na akajibu ukweli. Sista akamfokea mbele ya foleni nzima: nyinyi wazee mnamaliza figo na matakataka, alafu mnakuja kutusumbua. Watu wakacheka. Mtu wa miaka 69, mwenye watoto saba na wajukuu wasiohesabika. Siku hiyo alijifunza jibu la kupeana hospitalini, na amekuwa akilipeana tangu hapo.

Hiki ndicho nataka mkishike. Kilichokaribia kumuua shosh si thabai na si metfomini. Ni kwamba aliyempa vidonge hakujua kuhusu jerikeni, na aliyemuuzia jerikeni hakutaka kujua kuhusu vidonge. Kila mmoja alimpimia dozi kama mwenzake hayuko duniani. Katikati kuna mzee peke yake, anachanganya kwa giza, na mdomo ameufunga juu alishafokewa.

Na huyo daktari kijana nampa maua yake. Hakufoka. Alisema, "Cucu, niletee hiyo chupa niione." Tulipoileta akainusa, akacheka kidogo, akasema ukweli ambao sijawahi kusikia mtu wa koti jeupe akisema: "Mimi sijui hii ni nini, na nafikiri aliyekuuzia pia hajui yote." Akapunguza glibenklamidi. Akamwomba apumzike na jerikeni kwanza huku tunampima asubuhi na jioni, ndio wajue ni nini inafanya nini. Akamwambia siku ya kufunga apige simu kwanza. Mwishowe wakakubaliana: lile jeusi la miti isiyojulikana limekwenda, thabai ya shambani kwake imebaki, kama mboga, na chakula. Na kwenye kitabu chake cha kliniki, chini ya metfomini, kumeandikwa kwa mkono wa daktari: thabai. Shosh anaonyesha watu huo ukurasa kama ni cheti.

Timu Vidonge, nataka niwaambie mahali hiyo metfomini yenu ilitoka. Kuna mmea Ulaya unaitwa Galega officinalis, una maua ya zambarau, watu wa huko walikuwa wanautumia kama dawa ya kienyeji tangu zamani. Wanasayansi wakapata ndani yake kitu kinachoshusha sukari. Lakini mmea wenyewe ni sumu, unaua kondoo, na watu wa Molo mnajua hasara ya kondoo ni nini. Kile kitu chenyewe kilijaribiwa kwa watu kikaonekana ni kikali mno. Metfomini, ambayo ni binamu yake wa pole, ilitengenezwa maabara 1922, ikakaa hapo miaka, hadi daktari Mfaransa Jean Sterne akaiweka kwa wagonjwa na kuchapisha matokeo 1957. Kwa hivyo ukimcheka shosh ati anakunywa miti, jua kidonge mkononi mwako pia ni mjukuu wa mti.

Na Timu Miti, msishangilie bado. Hiyo stori inawashika nyinyi zaidi. Mmea ulikuwa na dawa kweli, na bado uliua kondoo. Kilichogeuza ile sumu kuwa kitu shosh anaweza kumeza kila siku ni watu kukaa chini miaka na miaka wakipima: hii ni kiasi gani, ikizidi inafanya nini, mwenye figo mbovu apewe au asipewe. Kidonge kimeandikwa miligramu 500, na cha kesho ni 500. Jerikeni ya leo ilichemshwa saa ngapi? Gome lilitoka kwa mti mkubwa au mdogo? Aliyechemsha aliongeza maji ama aliongeza mizizi? Ukali wa leo si wa wiki jana, na mwili wa mzee hauwezi kukisia.

Shubiri nayo. Maji yake ya njano yanaendesha tumbo vibaya. Metfomini pia kwa watu wengi inaendesha tumbo. Mzee akiunganisha hizo mbili anaharisha, anaishiwa maji, na figo ndizo zinalipa. Alafu anaambiwa ni "uchafu unatoka." Uchafu gani? Hayo ni maji ya mwili.

Kuna jambo lingine wauzaji hawapendi niguse. Si kila chupa iliyoandikwa "asili" ni ya asili. Januari 2009 huko Xinjiang, Uchina, watu wawili walikufa baada ya kumeza dawa ya sukari iliyouzwa kama ya kiasili. Ilipopimwa ilikuwa na glibenklamidi, mara sita ya kiwango cha kawaida. Ndiyo, kidonge chenyewe cha hospitali, kimesagwa na kufichwa ndani. Mwaka mmoja kabla, 2008, Singapore, watu zaidi ya 100 wasio na sukari, karibu wote wanaume, walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya, wanne wakafa. Walikuwa wamemeza dawa za nguvu za kiume, na ndani kulikuwa na hiyo hiyo glibenklamidi. Mafala wangu wa "nguvu za asili," mmesikia? Kwa hivyo mtu akikuambia unga wake umeshusha sukari kutoka 18 hadi 6 kwa siku tatu, usipige makofi kwanza. Uliza ni mti gani huo unafanya kazi kama kemisti.

Sasa serikali. Kwa miaka mingi daktari wa miti Kenya amekuwa akiandikishwa na watu wa utamaduni. Utamaduni, hapo hapo kwa mambo ya ngoma na shanga. Dawa zenyewe, hata za miti, zinafaa kusajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu. Yaani mtu ana ofisi yake na chupa ina ofisi yake. Alafu kuna Sheria ya Afya ya 2017, yenye sehemu nzima ya tiba za jadi. Inasema Bunge litunge sheria ya kuunda chombo cha kuzisimamia, na kuwe na utaratibu wa daktari wa miti kumtuma mgonjwa hospitali. Wakati hiyo inapitishwa mimi nilikuwa darasa la nane. Nimeshamaliza sekondari, nimeingia chuo, nimetoka chuo, nimeanza kuwauzia stori za chapo. Nenda umuulize yule wa spika pale stage kama huo utaratibu umemfikia.

Na msinitolee ile ya "wazee ni wajinga, si waende hospitali." Wanaenda! Shosh anaamka saa kumi na moja, anapanda matatu, anakaa kwa benchi hadi saa saba, anaonwa dakika tatu, anaambiwa dawa moja imeisha, anunue kemisti. Tangu Oktoba 2024 NHIF ikawa SHA, na siku nyingine anaambiwa mtandao hauko. Vile vikaratasi vya kuweka kwa mashine ya kupimia sukari ananunua mwenyewe, kwa hivyo anapima akikumbuka pesa. Yule wa miti naye anajua jina lake. Anamuuliza miguu iko aje. Anamwongelesha Kikuyu, anamkalisha kwa kiti cha plastiki, anamsikiliza nusu saa. Mtu ataenda wapi? Hospitali inapoteza wagonjwa kwa sababu ya adabu, si kwa sababu ya sayansi. Sista kuuliza "mama, na za nyumbani unakunywa gani?" kwa sauti ya chini haihitaji bajeti ya kaunti.

Utafiti mkubwa wa kitaifa wa 2015 uliuliza watu wazima wa Kenya kama wamewahi kupimwa sukari. Karibu 88 katika kila 100 walisema hapana. Kwa hivyo yule mwenye kitabu cha kliniki, hata akiwa na jerikeni chini ya kitanda, amejaribu kuliko wengi wetu. Huyo ndiye mnamfukuza kwa makelele.

Kuna mahali moja tu sina maneno ya katikati, na hapa hata Timu Miti wenye akili watasimama na mimi. Kuna sukari ya aina ya kwanza, yenye inashika sana watoto na vijana wa rika letu. Hapo kongosho limeacha kutoa insulini kabisa, ama limebakisha tone. Hiyo haina mti. Haina unga. Haina maombi ya kubadilisha sindano. Kabla ya insulini, mtoto akishikwa na hiyo ilikuwa ni kuhesabu muda. Mtu wa kwanza kudungwa ni kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, huko Toronto, Januari 1922, akiwa amebaki mifupa, na akainuka. Ukimwambia mtoto kama huyo aache sindano ajaribu asili, hauna mjadala naye wa miezi. Ni siku chache tu, damu inakuwa tindikali, anatapika, anapumua kwa nguvu, anakwenda. Ukipost video ya "nimeponya sukari ya mtoto bila insulini," mimi nakuona kama mtu ameweka mtoto barabarani pale Salgaa.

Mtaniambia Loliondo. Kuna mtu hutaja Loliondo kila mara. Nilikuwa darasa la pili, 2011, na nakumbuka watu wazima hawakuwa na stori ingine. Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, kijiji cha Samunge, Tanzania. Kikombe kimoja kwa shilingi 500 za huko, mzizi wa mugariga, unatibu sukari, ukimwi, saratani, kila kitu. Magari yakavuka mpaka kutoka Kenya, foleni za kilomita nyingi, makumi ya watu wakafia kwenye hiyo foleni kabla hata ya kuonja. Mimi simtukani yule mzee, alishatangulia, Julai 2021, na bei yake ilikuwa ya huruma kuliko ya hawa wa unga wa elfu tatu. Nauliza tu: wale waliokunywa kikombe wakarudi nyumbani wakatupa vidonge, nani aliwapima baada ya mwezi? Wenye walipona tungewasikia hadi leo, wangekuwa na redio yao.

Wenzangu wa kontenti, nimewaachia mwisho juu nyinyi ndio mnaniuma. Najua kodi. Najua vile simu inalia ukiwa na mia mbili kwa M-Pesa na mtu anakuahidi elfu kumi kwa klipu ya dakika moja. Tangaza viatu. Tangaza nywele. Tangaza hata hiyo kampuni ya kubeti ukitaka, tutagombana siku ingine. Lakini wewe una miaka 22, ngozi safi, kongosho zima, unashika chupa mbele ya taa ya duara unasema "mimi natumia na imenisaidia." Imekusaidia na nini? Anayetazama si rika lako. Ni mjukuu anatafuta dawa ya shosh usiku, anatuma pesa, kesho parseli inafika Bahati, Njoro, Subukia, Kuresoi, na shosh anakunywa kwa sababu imetoka kwa mjukuu anayempenda. Wewe ndiye umemwandikia dozi. Una nambari yake? Akianza kutetemeka atakupigia?

Tayari naona komenti: "umelipwa na kampuni za dawa." Natamani. Mngeniona na simu mpya. Na wengine: "kwa hivyo unasema miti ni mibaya." Rudi juu usome tena, taratibu. KEMRI ina kituo chake cha kutafiti dawa za kiasili tangu miaka ya themanini, ni Wakenya wanafanya hiyo kazi, kwa hivyo hakuna mtu ameniambia nichague kati ya sayansi na shosh.

Kitu naomba ni kidogo hadi kinaboa. Leo jioni mpigie shosh, guka, mathe, mjomba, yeyote mwenye ana sukari. Usianze na "wewe unakunywa matakataka gani." Anza na salamu, uliza ng'ombe, uliza mvua. Alafu uliza: na dawa za nyumbani siku hizi ni gani? Nyamaza umsikilize. Andika majina, andika ni glasi ngapi na saa ngapi, kabla ya chakula ama baada. Kama hakuna jina, piga chupa picha. Siku ya kliniki hiyo karatasi iende ndani ya kitabu chake, na kama sista ni wa kufoka, ingia na yeye, useme wewe.

Alafu mrudi hapa mniambie mmepata nini chini ya kitanda. Wa kwangu alikuwa na jerikeni. Kuna beshte yangu wa Kaptembwo amenitumia picha sasa hivi, mathe yake ana chupa sita, na tatu hazina hata karatasi.